Mtu Aliyefika wa Mwisho

Fungueni vitabu vyenu, mfuate maneno kwa kidole ninaposoma.

Ninyi wa Tabora mnaijua njia ya zamani ya misafara, itokayo Ujiji, ikapita kwenu, ikashuka hadi Bagamoyo. Wapagazi wa Kinyamwezi waliifuata kwa miguu, pembe za ndovu mabegani. Wengine waliugua njiani, wengine walijikwaa. Huko pwani tajiri alihesabu mizigo iliyofika.

Leo tusome habari za mtu mwingine wa safari ya miguu. Jina lake ni John Stephen Akhwari, aliyezaliwa Mbulu mwaka 1938. Alikuwa miongoni mwa wanariadha wa kwanza kuiwakilisha Tanzania katika nchi za mbali.

Tarehe 20 Oktoba 1968 alikuwa Mexico City, katika Michezo ya Olimpiki. Alishindana katika mbio za marathoni, yaani kilomita 42 na kitu. Mji ule uko juu, kama meta 2,240 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Watu 75 walianza. Njiani Akhwari alianguka, akaumia goti na bega. Akafungwa kitambaa, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea.

Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari alifika zaidi ya saa moja baadaye, giza likiingia, watazamaji wengi wamekwisha kwenda zao. Alikuwa wa 57, wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, ilimtuma kuzimaliza.

Wala habari zake hazikuishia hapo. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikuwa wa tano, kwa saa 2 na dakika 15. Goti ni lile lile.

Basi, ndugu msomaji, pengine umeanza kusoma ukiwa mtu mzima, na mwanao amekwisha kukutangulia. Usione haya. Anayekwenda polepole bado yumo njiani; aliyeketi chini ndiye hatafika. Ukikwama katika neno, lisome tena silabi kwa silabi, kisha endelea.

MASWALI

1. Walianza watu 75, wakamaliza 57. Wangapi hawakumaliza?
2. Akhwari aliumia wapi mwilini?
3. Andika sentensi moja juu ya kazi uliyoianza na hujaimaliza.