Hotuba ya Mwenyekiti: Tuijue Gesi Kabla ya Kuiwasha



Chama chetu kimetimiza miaka kumi. Habari za hisa na mikopo atawasomea mweka hazina. Sisi tumeona tuseme juu ya kitu kimoja ambacho mikopo yetu imekiingiza majumbani, nacho ni mtungi wa gesi.

Kuni mnajua wenyewe zilivyo adimu hapa Magoma. Na mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Basi mtungi unakuja, tuujue.

Kwanza, ndani ya mtungi si hewa tupu. Ukiutikisa utasikia majimaji. Hiyo ni gesi ya propeni na buteni, imeshindiliwa mpaka ikawa maji. Lita moja ya maji hayo ikitoka inakuwa gesi lita 250 hivi. Ndiyo maana mtungi haulazwi. Ukilala, maji yenyewe yanatoka kwenye mpira, na moto wake siyo mchezo. Usiuweke juani wala jirani na jiko la mkaa.

Pili, na hili ndilo kubwa. Sisi tumekulia kwenye moshi. Moshi unapanda, na mama zetu waliacha upenyo juu ya ukuta wa jikoni ili utoke. Gesi ya mtungi haipandi. Ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mara mbili. Ikivuja inashuka, inatambaa sakafuni, inajaa chini ya kitanda, inafika mpaka kwenye kibatari cha chumba cha pili. Kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi, fungua mlango. Wengi wetu tunapika na kulala chumba kimoja, na watoto wanalala chini. Hapo fikirini wenyewe.

Msiichanganye na gesi ya samadi, wala ile iliyotengenezwa Hale kwa mabaki ya mkonge, wala gesi asilia ya Songo Songo. Hizo ni methani, nyepesi, zinapanda. Zote zinawaka, ila njia zake mbalimbali.

Tatu, harufu. Gesi yenyewe hainuki. Inatiwa dawa inayonuka kama kabichi iliyooza ili tushtuke. Ukisikia harufu hiyo usiwashe kiberiti. Swichi ya umeme usiiguse, si kuwasha si kuzima, na simu usiipige humo ndani. Toa watoto, funga koki ya mtungi kwa kuizungusha kulia, acha milango wazi, toka nje. Ukiwa mbali na nyumba, waite majirani na piga 114, namba ya Zimamoto.

Kutafuta panapovuja tunatumia povu la sabuni. Paka kwenye mpira na kwenye maungio, mapovu yakivimba, ndipo hapo. Anayetafuta kwa kiberiti anatafuta msiba.

Nne, siku zote njiti iwake kwanza, ndipo ufungue gesi ya jiko. Ukimaliza, funga na kwenye mtungi, siyo kwenye jiko tu. Mpira uliopasuka haufungwi kitambaa, unanunuliwa mwingine. Na unaponunua gesi, omba mtungi upimwe. Uzito wake ukiwa mtupu umeandikwa pale pale, toa hesabu ujue umepewa kilo ngapi.

Kwa hiyo kamati imepitisha hivi: anayekopa jiko hatalichukua mpaka aoneshe mbele ya wenzake jinsi ya kufunga mpira, kupima kwa povu na kufunga koki. Tunasikia mnanung'unika kwamba tunachelewesha mikopo. Sawa, nung'unikeni. Deni la jiko tutasaidiana kulilipa kidogo kidogo, lakini mtoto akiungua hakuna hisa itakayomrudishia ngozi yake.

Baada ya chakula, mtungi utakuwa pale chini ya mwembe. Kila mmoja aje aushike mwenyewe, na kina baba pia.