SOMO LA HESABU: DENI LA KWENDA NA KURUDI

Natumai madaftari yamekwisha funguliwa. Leo wenzetu wa Tibirinzi, Chake Chake, ndio watakaokuwa mfano wetu. Mtaani kwao, kama pahala pengi Pemba, watu hukopeshana huku na huku, na siku ya hesabu kila mtu hushika daftari lake na kusema, "Mimi nadai." Ni nadra kumsikia mtu akianza na lile analodaiwa.

Tuseme wako watu watatu. Mkulima ametoa ndizi na muhogo, mvuvi ametoa samaki, na mwenye duka ametoa mchele na sukari. Madeni yao tutayaandika kwa maelfu ya shilingi. Mstari unaolala ni wa mwenye kudai; nguzo inayosimama ni ya mwenye kudaiwa.

Mkulima: 0, 8, 4
Mvuvi: 2, 0, 10
Mwenye duka: 10, 6, 0

Nguzo nazo zafuata mpango ule ule: mkulima, mvuvi, mwenye duka. Basi ile 8 maana yake mkulima anamdai mvuvi elfu nane, na ile 2 maana yake mvuvi anamdai mkulima elfu mbili. Sifuri zinazoshuka mshazari ziko pale kwa kuwa mtu hajidai mwenyewe. Jumlisheni jedwali lote, mtapata elfu 40. Kwa fedha hiyo majirani waweza kununiana mwaka mzima.

Sasa tazameni 8 na 2 peke yake. Nusu ya jumla yao ni 5. Nusu ya tofauti yao ni 3. Na 5 kuongeza 3 ni 8. 5 kutoa 3 ni 2. Fanyeni vivyo hivyo kwa 4 na 10: nusu ya jumla ni 7, nusu ya tofauti ni 3. Kisha 10 na 6: nusu ya jumla ni 8, nusu ya tofauti ni 2. Jedwali letu limegawanyika mawili. La kwanza ni hili:

0, 5, 7
5, 0, 8
7, 8, 0

Hili ni jedwali linganifu. Ukilikunja karatasi kwenye ule mshazari, kila namba inalala juu ya mwenzake aliye sawa naye. Ndiyo sehemu ya deni inayokwenda na kurudi sawasawa. La pili ni hili:

0, 3, -3
-3, 0, 2
3, -2, 0

Hapa kila namba ukivuka mshazari unaikuta ile ile, lakini alama yake imegeuka. Tuliite jedwali la kinyume. Yajumlisheni majedwali haya mawili, mtalipata lile la kwanza, bila kupungua wala kuzidi.

Huenda mmoja wenu akauliza, je, mtu mwingine hawezi kuligawanya kwa namna nyingine? Hawezi. Atafute namba mbili ambazo akizijumlisha apate 8, na akiitoa ya pili katika ya kwanza apate 2. Hazipo ila 5 na 3.

Na hapa ndipo penye faida. Katika jedwali linganifu mkulima na mvuvi wanadaiana tano kwa tano. Hapo hakuna wa kumlipa mwenziwe. Ugomvi wote umo katika jedwali la kinyume. Jumlisheni mistari yake: mkulima 0, mvuvi -1, mwenye duka 1. Tulichukua nusu, basi tuzidishe kwa mbili. Mkulima hadai wala hadaiwi. Mvuvi ampe mwenye duka elfu mbili, na madaftari yote matatu yafungwe, mradi wote watatu wawe radhi. Elfu 40 ya maneno, elfu 2 ya fedha! Hata mabenki hupatanisha madeni yao kwa njia ya namna hii kabla ya kulipana.

Jedwali la namba wataalamu huliita matriksi. Mwingereza Arthur Cayley alichapisha makala mashuhuri juu ya hesabu zake mwaka 1858, naye siku hizo alikuwa mwanasheria mjini London. Mimi naona si ajabu. Wanasheria nao hushinda katika madai.

Neno moja juu ya ule mshazari. Ikiwa mwenye duka huchukua sukari ya duka akaila nyumbani, na akaiandika kama deni la elfu tatu, basi 3 itakaa katika ile sifuri yake. Hiyo yote huingia katika jedwali linganifu. Jedwali la kinyume mshazari wake ni sifuri siku zote, kwani hakuna namba iliyo sawa na kinyume chake isipokuwa sifuri.

Zoezi la nyumbani: mvuvi amechukua tena ndizi za elfu nne kwa mkulima, na ile 8 imekuwa 12. Andikeni majedwali yote mawili upya, kisha semeni nani amlipe nani, na kiasi gani.