MSHAIRI AKOSOLEWE, ASIDHIHAKIWE

Hotuba ya Katibu Mwenezi mbele ya wanachama wa tawi



Nimeombwa niseme juu ya ushairi na kazi ya Chama. Nitashika neno moja tu. Katika mikutano yetu umezuka usemi kwamba mshairi hakomai mpaka achekwe. Kijana husimama kusoma beti zake, akapotea kina, na baraza zima likaangua kicheko. Mmoja huuliza, "Huyu wa bara Kiswahili kajifunza wapi?" Kijana hukunja karatasi yake, na mkutano ujao haji. Kisha husemwa, "Angekuwa mshairi kweli angestahimili." Nasema usemi huo si wa haki, nao unatupunguzia watu.

Wenye kuutetea humtaja Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika ukoo wa watumwa, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Aliuza vyungu. Alipohamia mjini na kuanza kusifika kwa uimbaji, wapinzani wake walimwimba kwa asili yake na umaskini wake. Naye akawajibu kwa wimbo, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri.

Lakini tutazame vizuri. Je, dhihaka ile ndiyo iliyompa sauti? Sauti alikuwa nayo tangu shamba, na ufundi aliupata kwa wanamuziki wa mjini waliomketisha na kumwelekeza. Hao ndio wa kushukuriwa. Na kwa Siti mmoja aliyeshinda, ni wangapi waliovunjwa moyo? Hatuwajui, kwa sababu walinyamaza.

Wengine watasema malumbano ni desturi ya ushairi wetu. Naam, Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana beti na washairi wa Lamu wakati miji hiyo ilipokuwa na ugomvi. Lakini pale ubeti ulijibiwa kwa ubeti. Baraza la watu hamsini kumcheka mwanafunzi mmoja si malumbano.

Mwaka 1954 Sheikh Amri Abedi alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Vina na mizani vikaelezwa waziwazi, hata mtu aliye mbali na pwani akaweza kujipima mwenyewe. Hiyo ndiyo njia ya mwalimu. Naye Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, na Kiswahili hakikuwa lugha ya kwao. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ndiye aliyeeneza ngonjera, zikaghaniwa mashuleni na mikutanoni. Kama watu wangemwuliza kwanza ametoka wapi, taifa lingepata hasara.

Basi naleta mapendekezo matatu. Kwanza, tukosoe ubeti, si mtu. Aambiwe, "Ndugu, mshororo wako wa tatu, kipande cha kwanza kina mizani saba badala ya nane, tafuta neno la kukijaza." Pili, asitajiwe mtu kabila, dini, kazi wala matamshi yake. Tatu, atakayemcheka mwenzake asimame papo hapo atoe ubeti wake, tuupime.

Na mshairi naye asidhani kila sahihisho ni tusi. Asiyekubali kusahihishwa hafundishiki. Tena ajue kwamba akisema kweli, wasioipenda kweli watamkejeli huko nje. Hilo atalistahimili, lakini atalistahimili vizuri zaidi akijua kwamba nyuma yake wapo ndugu. Mtu aliyekwisha chekwa na wenzake nyumbani, atakwenda kupambana na nani?

Chama kilichokataa mtu kudharauliwa kwa rangi yake hakiwezi kuruhusu mtu adharauliwe kwa lafudhi yake.

Uhuru na Umoja!