Kaya Moja Yahitaji Nafasi Kiasi Gani?

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa chama chetu.)



Niliambiwa nichague jambo lolote linalohusu maisha ya mtumishi mjini. Nimechagua nyumba, na juu ya nyumba nimechagua swali moja tu: kaya moja inahitaji nafasi kiasi gani ya kuishi? Nasema kaya, wala sisemi mtu, kwa sababu kwetu sisi mtu mjini haishi peke yake. Ana mke au mume, ana watoto, ana mdogo wake aliyekuja kutafuta kazi, na mara nyingi ana mama mzazi aliyeletwa mjini kutibiwa.

Wengi wenu mnaijua Keko kwa mambo mawili, gereza na maseremala. Mimi naijua kwa sababu nimekulia huko, upande wa Keko Machungwa, katika nyumba ya vyumba sita. Nyumba ya namna hiyo haihitaji maelezo marefu kwa mtu wa Dar es Salaam. Mbele kuna baraza. Katikati inapita korido, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Nyuma kuna uani, na uani ndiko kuliko na jiko, bafu na choo cha wote. Kila chumba kina familia yake. Chumba chetu kilikuwa na futi kumi kwa kumi, nasi tulikuwa watu watano.

Tufanye hesabu kidogo. Futi kumi kwa kumi ni mita za mraba 9.3. Gawanya kwa watu watano, kila mmoja anapata chini ya mita mbili za mraba. Sasa, mashirika yanayohudumia wakimbizi duniani yana kipimo chao kiitwacho Sphere, ambacho husema kwamba hata katika hali ya dharura mtu apewe mita za mraba 3.5 zilizoezekwa, bila kuhesabu mahali pa kupikia na kuogea. Kwa kipimo hicho, sisi wapangaji wa Keko, watu wenye kazi na wenye kulipa kodi ya nyumba, tulikuwa tumebanana kuliko anavyostahili kubanana mkimbizi aliyefika jana. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi nalo lina kipimo chake: chumba kimoja kisilaze watu zaidi ya watatu. Ukienda Uingereza, kiwango kilichotangazwa mwaka 2015 kwa England kinataka chumba cha kulala watu wawili kisipungue mita za mraba 11.5. Yaani chumba kile cha watu watano, kwa hesabu ya Waingereza, hakitoshi hata baba na mama peke yao.

Mtu anaweza kuuliza: mbona basi mliishi, tena mkacheka? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba hatukuishi chumbani. Chumbani tulilala na kuweka vyombo. Mama alipika uani, akafua uani, akasuka nywele uani. Baba alipokea wageni barazani. Sisi watoto tulicheza njiani mpaka jua likazama. Wale mliolala bweni hapa mnalijua jambo hili pia. Mlikuwa na kitanda, sanduku la bati na msumari wa kutundikia shati, na mkamaliza miaka minne bila kudhurika. Lakini nje ya bweni mlikuwa na madarasa, bwalo, maktaba na uwanja wa mpira. Ondoa hivyo vyote, ubaki na kitanda na sanduku, uone kama mwezi utaisha.

Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: nafasi ya kaya haipimwi ndani ya kuta nne tu. Na hapo ndipo nyumba zetu zinapoharibika siku hizi. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, Mkoa wa Dar es Salaam uliongezeka kutoka watu 4,364,541 hadi watu 5,383,728. Hao zaidi ya milioni moja lazima walale mahali. Mwenye nyumba anaziba uani kwa vyumba vya kupangisha, halafu anaziba baraza kwa fremu ya duka. Kila mpangaji bado ana chumba chake cha kumi kwa kumi, lakini nafasi aliyokuwa akiishi imekwisha kuuzwa. Dirisha linafunguka kwenye ukuta wa jirani. Hewa haipiti, na kifua kikuu ni ugonjwa unaosafiri kwa hewa. Kijana akitaka kusoma, hana pa kukaa.

Somo la pili ni kwamba yako mambo ambayo uani hauwezi kuyabeba hata ukiwa mpana. Kulala ni la kwanza. Mtoto mdogo hulala popote, hata kwenye godoro linalovutwa kutoka mvunguni usiku. Lakini akifika miaka kumi na kuendelea, wavulana na wasichana hawawezi kulala pamoja, wala hawawezi kulala nyuma ya pazia la wazazi. Mahali ambapo chumba ni kimoja, mvulana ndiye hutolewa kwanza. Huambiwa akalale kwa rafiki, na huyo rafiki naye ana rafiki, na baada ya mwaka mzazi hajui tena mwanawe analala wapi. Jambo la pili ni ugonjwa. Mgonjwa anahitaji kulala mchana, tena peke yake. La tatu ni masomo, meza moja na taa moja isiyozimwa kwa sababu mwingine anataka kulala. La nne ni maneno ya baba na mama, ambayo watoto hawapaswi kuyasikia. Haya manne yanahitaji mlango unaofungwa.

Sasa niwageukie wenzangu wa rika langu, maana sisi tuna kosa la upande wa pili. Nimewazungumzia wanaobanwa; yafaa niwazungumzie pia wanaojenga.

Wengi wetu tuna kiwanja Mbagala, Chanika, Kibada au Tuangoma. Kiwanjani kuna nyumba ya vyumba vinne, sebule mbili, chumba cha kulia, stoo na kibaraza cha kuegeshea gari. Imefika usawa wa renta, na imefika hapo tangu mtoto wa kwanza alipokuwa chekechea. Leo yuko kidato cha tatu. Ndani ya kuta hizo mpapai umeota na kuzaa. Na mwenye nyumba bado amepanga vyumba viwili mjini, kila baada ya miezi sita anatafuta kodi ya miezi sita mingine.

Sababu yake si uvivu. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza katika miaka ya 1970 ili watu wakope na kujenga, ilifungwa mwaka 1995. Tangu wakati huo wengi wetu tunajenga kwa mfuko wetu, tofali kwa tofali, kwa kile kinachobaki baada ya ada na nauli. Mtu aliyekopa benki hujenga nyumba yote kisha hulipa polepole. Mtu anayejenga kwa mshahara hulipa polepole kwanza, ndipo apate nyumba. Maana yake ni kwamba ukubwa wa ramani yako ndio unaoamua mwaka utakaohamia. Ukichora nyumba mara tatu ya mahitaji yako, umejiongezea miaka, na miaka hiyo inatoka katika utoto wa wanao.

Basi tupime mahitaji hayo kwa kamba ya fundi. Chukua kaya ya watu sita: wazazi wawili, wavulana wawili, wasichana wawili. Chumba cha wazazi, futi 10 kwa 12. Vyumba viwili vya watoto, kila kimoja futi 10 kwa 10. Sebule ya futi 12 kwa 12, itoshe viti, meza ya chakula na mtoto wa kusoma. Jiko la futi 8 kwa 8. Bafu na choo, futi 5 kwa 8. Ongeza futi za mraba 60 za kupitia. Jumla ni futi za mraba 628, yaani kama mita za mraba 58, bila kuhesabu unene wa kuta. Weka baraza mbele na acha uani wa kutosha nyuma, kisha mgeni anaweza kulala sebuleni kama wageni walivyolala siku zote. Nyumba niliyoieleza ya sebule mbili hukaribia mita za mraba 180. Ni saruji, mabati, madirisha na vigae karibu mara tatu.

Najua pingamizi zitakazokuja, maana nimezisikia ofisini. Ya kwanza ni misiba na harusi: watu wakija wengi watakaa wapi? Ndugu zangu, ni lini mlihudhuria msiba sebuleni? Tunakodi turubai na viti, tunakaa nje, na wapishi wako uani. Kinachohitajika hapo ni kiwanja kisichojengwa chote. Ya pili ni mama mzazi. Hiyo ni ya kweli, na chumba chake kiwepo, lakini kiwe karibu na choo na kisiwe na ngazi. Mama hahitaji ukubwa, anahitaji ukaribu. Ya tatu ni kwamba familia itaongezeka. Jibu lake lilikuwapo zamani katika nyumba ile ile ya vyumba sita, kwani wenye nyumba wengi waliijenga kidogo kidogo, wakahamia vyumba vya kwanza huku wakiendelea na vingine. Mwambie mchora ramani akuchoree nyumba inayoweza kuongezwa, umalize vyumba viwili na choo, uhamie. Ya nne haisemwi kwa sauti, nayo ni heshima. Mtu aliyesoma chuo kikuu anaona haya kujenga nyumba ndogo. Kwa hiyo nitasema tu kwamba majirani huisahau nyumba yako katika wiki ya pili, lakini wanao wataikumbuka au wataikosa maisha yao yote.

Hata samani zina neno hapa. Ukipita barabara ya Chang'ombe utaona kazi za maseremala wa Keko zimepangwa nje, kochi pana na vitanda vya sita kwa sita. Kitanda cha sita kwa sita ni futi za mraba 36. Katika chumba cha kumi kwa kumi kinakula zaidi ya theluthi moja, na ukiongeza kabati, mtu anavaa suruali amesimama juu ya kitanda. Kitanda cha tano kwa sita kinakuachia futi sita zaidi, na kwa watoto kuna dabo deka, inayolaza wawili mahali pa mmoja. Nenda kwa seremala na vipimo vya chumba chako na vya mlango wako. Usinunue kwa macho.

Kwenu vijana mnaosoma hapa nina machache. Baadhi yenu mnatoka katika chumba kimoja kama nilichotoka mimi. Msione aibu. Wazazi wenu wamelipa ada kwa fedha ambazo wangeweza kupangia chumba cha pili. Hilo mlijue na mlikumbuke. Lakini mkianza kazi, kabla ya kununua gari au kuchora ramani, hesabuni kwanza watu mtakaoishi nao na milango wanayohitaji.

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti, ninaleta ombi moja kwa chama hiki. Hatuwezi kuwajengea wanafunzi wote wa kutwa chumba cha pili nyumbani kwao. Lakini shule hii ina madarasa ambayo yamefungwa kuanzia saa kumi jioni mpaka asubuhi. Tulipie umeme, tumlipe mlinzi, na tukubaliane na Mkuu wa Shule ili madarasa mawili yawe wazi mpaka saa mbili na nusu usiku, siku tano kwa wiki, kwa wale wasio na meza nyumbani na wanaokaa karibu kiasi cha kurudi salama. Hiyo ni nafasi ya kuishi iliyokwisha kujengwa, inangoja taa tu. Kwa mtu mmoja ni mzigo, na wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Kwa sisi tuliomo humu leo ni mchango mdogo wa kila mwezi.

Naomba jambo hili lijadiliwe leo, kabla hatujaenda kula.