Rangi Nje, Ethi Ndani



Kasha la kompyuta lililo mezani hapa, la kijani lenye mistari myeupe, tumelipaka wenyewe baada ya kuiunganisha mashine hiyo kwa vipuri. Tulitoa kila kitu ndani, tukasugua bati kwa msasa laini, tukafuta vumbi, tukapuliza praima, kisha rangi, matabaka matatu membamba, kila moja likikauka kwanza. Matundu ya feni tuliyaacha wazi ili joto litoke. Mahali bati linapogusana na pawa saplai tulipafunika kwa utepe, kwa kuwa rangi haipitishi umeme.

Siku ya pili kijana wetu aligusa skrubu ya nyuma, isiyo na rangi, akapigwa shoti ndogo. Fundi umeme alipima, akakuta soketi ya ofisi haina waya wa ethi. Umeme kidogo unaovuja kutoka pawa saplai, ambao ungeteremka ardhini, ulikuwa umebaki kwenye bati. Sisi tulioshika ubavu uliopakwa hatukuhisi lolote. Rangi ilituficha hatari.

Tunakiri kosa ni letu. Katika bajeti tuliandika rangi, hatukuandika ethi. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ombi letu ni moja. Kabla usharika haujapokea kompyuta, kamati imwite fundi apime soketi. Nanyi wafadhili, mkiiona gharama ya ethi katika maombi yetu, tafadhali msiikate.