Watoto wa Mbwa Wanaochechemea

Mbwa ni mlinzi wa boma. Usiku, wenyeji wa Kakamega walalapo, yeye ndiye amsikiaye mwizi kabla ya mtu ye yote. Kwa hiyo ni hasara kubwa mtoto wa mbwa aliyekuwa akicheza vizuri anapoanza kuchechemea katika mwezi wa 3 au wa 4, akalia akishikwa, na kukataa kusimama. Wengine hudhani amepigwa mawe. Wengine husema amelogwa. Na wako wamtupao au kumwua. Lakini aghalabu kosa halimo katika miguu yake, bali katika chakula chake.

Mtoto wa mbwa hukua upesi mno. Kazi ambayo mwili wa binadamu huifanya kwa miaka zaidi ya 10, wake huimaliza kwa mwaka 1 hivi. Mifupa yake huhitaji madini ya chokaa, yaitwayo kalsiamu. Ugali mtupu una chokaa kidogo sana, na nyama tupu vilevile. Tena damu haiwezi kukaa bila chokaa. Ikiikosa katika chakula, mwili huitoa katika mifupa yenyewe, kama mtu ang'oaye nguzo za nyumba yake ili apate kuni za kupikia. Ndipo mifupa huwa myembamba na laini, hupinda, na huweza kuvunjika kwa kuruka kidogo tu.

Mwaka 1919 daktari Mwingereza, Edward Mellanby, alieleza jinsi alivyolea watoto wa mbwa ndani ya nyumba mjini London kwa vyakula vya nafaka. Wakapata matege. Lakini mafuta ya ini la samaki aitwaye chewa yaliwakinga. Kazi hiyo, pamoja na ya wataalamu waliofuata, ilileta ujuzi wa vitamini D, iuwezeshayo mwili kuitumia chokaa, na watoto wengi wa binadamu wakaokolewa na matege. Binadamu huipata vitamini hiyo kwa jua liangazalo ngozi. Mbwa hatoshelezwi na jua, lazima aile.

Dawa yake haiko mbali. Omena wa Ziwa Victoria huuzwa sokoni, na huliwa mzima pamoja na mifupa yake. Na aoshwe mchanga, achemshwe, achanganywe na ugali, konzi moja kila siku. Maziwa kidogo na yai lililopikwa husaidia pia. Mifupa ya kuku iliyopikwa haifai, kwa maana huvunjika vipande vyenye ncha. Mgonjwa apumzishwe mahali pakavu, asirukeruke, mpaka maumivu yatulie. Akiwahiwa mapema, hupona. Miguu iliyokwisha kupinda sana huenda isinyoke tena.

Hata hivyo, kuzidisha nako ni kosa. Chokaa nyingi mno huharibu mifupa ya mbwa wa jamii kubwa, na mbwa alishwaye chakula kamili cha dukani hahitaji kuongezewa. Tena mbwa wakubwa kama Alsatian, wa miezi 5 hadi 18, hupatwa na maumivu ya mifupa yahamayo: leo mguu huu, wiki ijayo mwingine. Hayo huisha yenyewe kwa wakati wake. Dawa za maumivu za binadamu asipewe, zaweza kumwua.

La mwisho ni la hadhari. Mbwa aliyelegea miguu, atokwaye na udenda, ashindwaye kumeza, au aliyeumwa na mbwa asiyejulikana, asishikwe, kwani huenda ana kichaa cha mbwa. Habari zipelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja. Mtu aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

Lakini yule achechemeaye tu, mwenye macho maangavu na hamu ya kula, asihukumiwe kufa. Kwanza sufuria yake na itazamwe.