Unyevu Nyumbani: Kuvu ya Ukutani na Kuvu ya Mahindi

(Maneno ya afisa wa afya ya umma kwa wakaazi wa Embu katika baraza)

Nimeombwa niseme juu ya ule weusi unaotokea ukutani baridi inapoingia. Ninyi wa Manyatta na Runyenjes mnaujua vizuri, na majirani zetu wa Imenti vilevile. Watu wa Mbeere, msilale, nitawafikia.

Ule weusi ni kuvu. Chakula inacho tayari, kwa maana inakula rangi, mbao, vumbi, hata viatu vya ngozi chini ya kitanda. Inangoja maji tu, na maji mengi tunayaleta wenyewe. Watu watano wakilala chumba kimoja madirisha yakiwa yamefungwa, pumzi yao hugeuka matone juu ya bati baridi, na asubuhi mnadhani paa linavuja. Ongeza githeri inayochemka masaa matatu na nguo mbichi zilizoanikwa ndani kwa sababu ya manyunyu.

Angalieni mahali weusi ulipo. Ukiwa chini karibu na sakafu, maji yanatoka ardhini. Ondoa udongo uliorundikana ukutani, na ile migomba iliyopandwa hadi dirishani. Ukiwa kwenye pembe za juu au nyuma ya kabati, ni mvuke wa ndani. Likiwa doa moja linalokua kila mvua ikinyesha, basi kweli ni paa.

Kupaka rangi juu yake ni kutupa pesa. Sugua kwa brashi na maji ya sabuni, madirisha yakiwa wazi, pua na mdomo ukiwa umefunika. Mwenye pumu na watoto wakae nje. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye kamwe na dawa ya kusafisha choo. Hewa inayotoka huchoma mapafu. Kisha fungua dirisha kila asubuhi na unapopika, na usogeze kitanda kidogo kutoka ukutani. Kuna wanaoingiza jiko la makaa chumbani ili kukausha. Tafadhali, msifanye hivyo. Hewa ya makaa haina harufu na huua watu usingizini.

Sasa mahindi, na hapa ndipo penye hofu yangu kubwa. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini na 125 wakafa. Wachunguzi walipoenda nyumbani kwao waligundua kwamba wengi walikuwa wameweka mahindi yakiwa bado na unyevu ndani ya nyumba walimolala, badala ya ghalani. Huku kwetu pia watu huyaingiza ndani, kwa kuogopa wezi. Siwalaumu. Lakini gunia lililolazwa sakafuni, kando ya ukuta wenye maji, hunyonya unyevu kama sifongo.

Kuvu ya mahindi si ile ya ukutani, ingawa zote hulelewa na maji. Sumu yake haiishi kwa kuchemsha wala kwa kusaga, na mahindi yanaweza kuwa nayo bila kuonekana kijani.

Anika juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Huna mashine ya kupimia? Tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, utikise, uache itulie. Chumvi ikishika chupa, rudisha mahindi juani. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Yaliyooza msimpe ng'ombe, kwa sababu sumu hiyo hupita kwenye maziwa na kumrudia mtoto. Mtu akiwa na macho ya manjano, tumbo kuvimba na kutapika, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, pamoja na kiasi cha mahindi aliyokula.

Kwa wapangaji: paa linalovuja ni kazi ya mwenye nyumba. Mwambieni kwanza. Akinyamaza, njooni ofisi ya afya ya umma ya wadi. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inaturuhusu kuikagua nyumba inayodhuru afya na kumpa mwenyewe notisi airekebishe.

Maswali sasa. Tuanze na akina mama walio nyuma.